Rubani akicheka panda, akikataa kuruka tulia

Wiki hii hatuko stendi wala hatuko disko. Wiki hii tunapaa! Funga mkanda, weka kiti wima, na kama una sambusa mkononi imalize kabisa, maana leo tunazungumza habari za marubani, utani wao, na vituko vyetu sisi abiria.

Kwa nini marubani? Kwa sababu mji wetu huu ni mji wa ndege, ingawa wengi tunadhani ni mji wa Land Rover na nyama choma tu. Upande wa magharibi, barabara ya kwendea Dodoma, tuna uwanja wa Kisongo, ambao kwenye tiketi unaitwa Arusha. Upande wa mashariki, kama kilometa 50 hivi, ukishapita Tengeru, Usa na Kikatiti, tuna KIA, ulioanza kazi mwaka 1971. Na pale kaskazini amekaa Mzee Meru na mita zake zaidi ya 4,500, kimya, anawatazama wote wanaopita.

Sasa nenda kijiwe chochote jirani na Kisongo. Agiza chai na chapati, halafu subiri wale vijana wa mashati meupe yenye mistari mabegani. Utadhani watazungumza mambo mazito ya mawingu na mashine. Thubutu! Wanataniana kama makonda wa stendi kubwa. Na anayetaniwa zaidi ni tajiri yao, yaani shirika la ndege lenyewe.

UTANI WA HERUFI

Mchezo wao wa kwanza ni wa herufi. Unachukua jina la shirika, unalipa maana yako. Mchezo huu upo dunia nzima na ni wa zamani kweli. Waingereza walikuwa na shirika lao la BOAC, lililokuwa likileta wazungu huku Afrika enzi za ukoloni. Wenyewe wakasema maana yake ni Better On A Camel, yaani afadhali nikapande ngamia! Wabelgiji walikuwa na Sabena. Hiyo ikapewa maana ndefu inayoishia na Never Again, kwamba safari chungu namna hii sirudii tena maishani. Waitaliano na Alitalia yao wakaambiwa kila herufi ni kuchelewa: imechelewa kuondoka, imechelewa kufika.

Cha kuchekesha zaidi ni hiki. Sabena ilifilisika mwaka 2001. Alitalia ikafunga milango mwaka 2021. BOAC ndiyo kabisa, iliunganishwa na wenzake mwaka 1974 tukapata British Airways. Mashirika yamekwenda na maji, utani umebaki unadunda. Jina baya haliozi.

Na sisi Bongo je? Unadhani tulipona? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, lile shirika la pamoja la East African Airways likafa nayo. Kila mtu akabeba kilicho chake, nasi tukaanzisha Shirika la Ndege Tanzania, ATC, mwaka huohuo. Haukupita muda, wajanja wa mjini wakaigeuza ATC kuwa Any Time Cancellation, yaani safari yafutwa saa yoyote. Utani huo ulisambaa mpaka kwa watu ambao hawajawahi kuiona ndege kwa karibu. Mtu anauza mitumba pale Kilombero, ndege anaiona ikipita juu tu, lakini utani wa ATC anaujua.

Mimi na washikaji wangu tukasema, mbona zote za Kiingereza? Kwani Kiswahili kimekosa nini? Basi tukakaa jioni moja tukatunga za kwetu. ATC ikawa Abiria Tulieni Chini. KLM, wale Waholanzi wanaoshusha watalii pale KIA, tukawapa Kula, Lala, Mzigo kesho. Na KIA yenyewe, kwa wale mliowahi kusubiri ndege ya usiku pale, ni Kaa, Ikija Amka. Kama una nzuri kuliko hizo tutumie, ila ya matusi usilete, mhariri wetu ana wivu na matusi yake mwenyewe.

NDEGE MOJA, NDEGE NYINGI

Halafu kuna uzuri wa lugha yetu ambao Mzungu hawezi kuupata hata akisoma miaka kumi. Neno "ndege" halina wingi. Moja ni ndege, mia ni ndege. Sasa kabla ya Septemba 2016, shirika letu la taifa lilikuwa limechoka mpaka limebakiwa na ndege moja tu inayoruka. Moja! Lakini nani alijua? Kibaoni imeandikwa Shirika la Ndege, na kweli ni la ndege. Kwa Kiingereza lingekuwa limeumbuka siku nyingi. Kiswahili kiliwafichia aibu.

Na yule twiga anayechorwa mkiani naye hakuachwa. Watu wakasema twiga ana shingo ndefu, anaona Dar, anaona Mwanza, anaona mpaka Johannesburg, tatizo hanyanyuki. Mwaka 2016 zikaja mpya mbili za mapanga, kisha Boeing kubwa ya Dreamliner Julai 2018, na Airbus mwisho wa mwaka huo. Tukashangilia. Ikafika Agosti 2019, moja ya hizo Airbus ikazuiwa Johannesburg kwa ajili ya deni la mkulima aliyetaifishiwa mali yake zamani. Bwana wee! Utani uliotoka wiki ile ulikuwa wa kuua mtu kwa kicheko: eti twiga amefungwa kamba kama mbuzi wa mdaiwa. Mwezi uliofuata mahakama ya huko ikaiachia, twiga akarudi zizini.

Sisi wa Arusha tuna la kujivunia hata hivyo. Precision Air, usiione leo makao yake Dar, ilizaliwa hapahapa mjini kwetu mwaka 1993, ikianza na vindege vya kukodi vya kupeleka watalii. Kwa hiyo utani wa ndege ni mali ya nyumbani, hatukuazima.

SISI ABIRIA NASI TUNA YETU

Marubani wanawatania matajiri wao, lakini wakimaliza wanatugeukia sisi abiria. Na tunawapa sababu kwa kweli.

Mnaikumbuka Fastjet? Ilianza Novemba 2012, Dar kwenda KIA na Mwanza, nauli ikitangazwa kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Tobaa! Watu waliokuwa wakikaa kwenye basi kutwa nzima, kutoka Arusha giza la alfajiri na kuingia Ubungo jioni na miguu imevimba, wakajikuta wanakwenda Dar kwa muda wa kumaliza soda mbili. Ilidumu mpaka mwisho wa mwaka 2018, ikapata matatizo na kuzimika. Lakini ile miaka sita ilituonyesha sura zote za binadamu angani.

Kuna yule anayepiga makofi ndege ikitua, utadhani harusi. Kuna yule anayemwomba mhudumu amfungulie dirisha, kwa sababu amezoea basi, joto likizidi unasukuma kioo. Kuna aliyelipia nauli ya bei poa, akafika na masanduku matatu na mkungu wa ndizi mshare, akaambiwa mzigo unalipiwa. Akavaa suruali mbili, makoti matatu na gauni la mama mkwe juu yake, akapanda akiwa amevimba kama puto! Na kuna ile ya bibi aliyekuwa anasafiri mara ya kwanza. Ndege ikajibwaga chini kwa kishindo, paa! Wakati wa kushuka akamkuta rubani amesimama mlangoni anaaga watu. Bibi akamshika mkono kwa heshima zote, "Mjukuu wangu, hebu niambie ukweli, pale tumetua au tumeanguka?"

Marubani wanaipenda sana hiyo, na kila shirika linadai bibi alikuwa abiria wa shirika jingine.

Mafundi nao hawako nyuma. Rubani akishuka huandika kwenye daftari kasoro aliyoiona, na fundi anajibu chini yake alichofanya. Basi utani wa huko ni kwamba rubani aliandika, "Kuna kitu kinagonga chini ya kiti changu." Fundi akajibu, "Nimekikataza." Rubani mwingine akaandika, "Kioo cha mbele kimejaa wadudu waliokufa." Fundi akajibu, "Walio hai wameagizwa Dar, bado hawajafika."

Na kuna ule wa mbwa. Wanasema ndege za kesho zitakuwa na mashine kila mahali, ndani ya chumba cha mbele watakaa wawili tu, rubani na mbwa. Kazi ya rubani ni kumlisha mbwa. Kazi ya mbwa je? Kumng'ata rubani akijaribu kugusa kitu!

MIZANI YA KISONGO HAIDANGANYWI

Lakini kama hujapanda kindege pale Kisongo, hujasafiri. Zile Cessna Caravan, injini moja, abiria kama 12, zinazokwenda Seronera, Manyara na Zanzibar. Pale hakuna ubishoo. Rubani mara nyingi ni mmoja. Ndiye anayekusalimia, ndiye anayekuonyesha mlango wa dharura, ndiye anayerusha. Kuna wakati abiria mmoja hupewa kile kiti cha mbele pembeni yake, na hapo ndipo utamwona mtu mzima aliyekuwa anajigamba kijiweni amekunja mikono kifuani, hataki kugusa kitu, utadhani ameambiwa mbele kuna mbwa.

Kabla ya kupanda, begi lako linapimwa. Mengi ya mashirika yale yanataka kilo 15 tu, tena begi laini, siyo sanduku gumu la matairi. Wakati mwingine na wewe mwenyewe unapandishwa kwenye mizani. Hapo ndipo kasheshe inapoanza. Akina dada wanavua viatu, wanavua saa, mwingine anauliza kama hereni nazo zinahesabiwa. Akina kaka wanavuta tumbo ndani, kana kwamba mizani inapima kwa macho!

Sasa sikia, hapa ndipo utani unapoanza kuwa na mfupa ndani. Kisongo iko juu, kama mita 1,380 hivi kutoka usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, na jua la mchana likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Bawa la ndege linaegemea hewa kama mwogeleaji anavyoegemea maji. Hewa ikipungua uzito, ndege inalazimika kukimbia mbali zaidi chini kabla haijanyanyuka, na ikinyanyuka inapanda polepole. Uwanja wa Zanzibar uko usawa wa bahari, kwa hiyo uzito ambao pale ungekuwa si kitu, hapa kwetu unaweza kuwa kitu. Ukidanganya kilo zako, hujamdanganya rubani. Umedanganya hesabu ya uhai wako na wa wenzako.

BASI LA DAR KWENYE STENDI YA VIFODI

Kituko kikubwa kuliko vyote hapa kwetu kilitokea Desemba 18, mwaka 2013. Ndege kubwa ya Ethiopian Airlines, Boeing 767 yenye watu zaidi ya 200 ndani, ilikuwa inatoka Addis Ababa kuja KIA. Ikaonekana inashuka, inashuka, mara puu... imetua Kisongo!

Hebu piga picha. KIA ina njia ya kurukia yenye urefu wa mita 3,600 hivi. Kisongo wakati ule ilikuwa na kama mita 1,600, haifiki hata nusu. Ni sawa na basi la Dar kuingia stendi ya vifodi. Ndege ilisimama mwisho kabisa, ikaishia kwenye majani. Hakuumia mtu, Mungu mkubwa. Lakini watashukaje? Ngazi za Kisongo ni za ndege ndogo, mlango wa ile 767 uko juu kama ghorofa. Abiria wakakaa ndani saa kadhaa wanachungulia dirishani, wanauona mji wote, kushuka hawawezi. Picha zikazagaa duniani. Siku chache baadaye dege lile likarushwa tupu, bila abiria, kwenda KIA lilikokuwa linatakiwa tangu mwanzo. Safari fupi kweli kwa dude la aina ile, nadhani hata chai haikugawiwa.

Utani wake haujaisha mpaka leo. Rubani wa Caravan akiona mwenzake anakawia kupisha njia, anamwuliza, "Vipi, unamsubiri Mwethiopia?" Lakini mtazame vizuri anapoicheka hiyo. Anacheka, halafu ananyamaza kidogo. Kwa sababu anajua ilibaki kidogo sana kile kichekesho kiwe kilio.

KICHEKO KINAPOISHIA

Na hili ndilo nililotaka tulizungumze leo. Watu hawa wanacheka kila kitu, nauli, chakula, tajiri, fundi, sisi. Lakini yapo mambo hawayachezei, na ukikaa nao utayajua upesi. Wana semi zao mbili ambazo marubani wa dunia nzima wanazo. Ya kwanza: heri uwe chini ukitamani kuwa juu, kuliko kuwa juu ukitamani kuwa chini. Ya pili: wapo marubani wazee na wapo marubani wababe, lakini rubani mzee mbabe hayupo.

Semi hizo zimeandikwa kwa damu. Mtazame Mzee Meru. Siku ikiwa nyeupe unamwona mpaka kilele, mzuri, watalii wanampiga picha. Ila ile miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti, unaamka mji mzima umefunikwa na blanketi la kijivu, mlima hauonekani kabisa. Haujaenda popote. Uko palepale, umejifunika tu. Septemba 1999 ndege ndogo iliyokuwa inawatoa watalii Serengeti kuwaleta KIA iligonga mlima huo. Watu wote 12 waliokuwamo wakafa. Hiyo hakuna anayeitungia utani, na kijiweni ikitajwa chai inapoa.

Haraka ya angani haichagui rubani mdogo au mkubwa. Mwaka uleule wa 1977 ilipozaliwa ATC yetu, mwezi Machi, Boeing mbili kubwa za Jumbo zilikuwa kwenye kisiwa cha Tenerife, zimecheleweshwa saa nyingi, ukungu umetanda. Rubani wa KLM hakuwa mwanafunzi, alikuwa mkongwe anayefundisha wengine, mpaka picha yake ilitumika kwenye matangazo ya shirika lake. Akaanza kuikimbiza ndege kabla hajapewa ruhusa ya kuruka, na ile nyingine ya Pan Am ilikuwa bado iko njiani mbele yake. Watu 583 walikufa, na hakuna ajali ya ndege mbili kugongana iliyowahi kuua wengi kama hao.

Na la kwetu la juzijuzi, Novemba 6, 2022, hatujalisahau. Ndege ya Precision Air ikitoka Dar, ikafika Bukoba hali ya hewa ikiwa mbaya, ikaangukia Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja. Ndani walikuwa 43. Waliokufa ni 19, marubani wote wawili wakiwamo. Waliopona, wengi waliokolewa na wavuvi waliokimbilia na mitumbwi yao. Nchi nzima ilikaa kimya siku ile.

USIMPIGIE KELELE ALIYE MBELE

Sasa turudi kwetu, uwanjani asubuhi ya Julai. Ukungu umeshuka mpaka kwenye paa. Tangazo linatoka, safari itachelewa, tunasubiri hali ya hewa. Hapo hapo utamsikia mtu. Daima yupo. Ana simu mbili, ana funguo za gari mkononi, anapaza sauti: "Hamjui mimi nina kikao Dar! Mbona jana waliruka? Huyu rubani gani mwoga hivi?" Na wengine wanamsindikiza, "Kweli kabisa, hawa wazembe!"

Jamani, hapana. Tuseme ukweli kama vijana wa mjini. Kuchelewa kuko kwa aina mbili. Kuna kuchelewa kwa uzembe: ndege haijulikani iko wapi, mtu wa kaunta anatafuna ubani, hakuna anayekuambia chochote, safari imefutwa na hela yako hairudi. Hiyo piga kelele! Dai maelezo, dai chakula, dai nauli yako, na wakikupuuza lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, kazi yake ni kukusikiliza wewe. Utani wa Any Time Cancellation ulizaliwa na kuchelewa kwa aina hiyo, na shirika lililotaniwa lilistahili.

Lakini kuna kuchelewa kwa rubani aliyetazama juu akasema, leo bado. Huyo hajakuibia saa zako, amekuzawadia. Kumbuka na yeye anataka kwenda nyumbani. Na yeye ana tajiri anayehesabu mafuta. Mgongoni ana mzigo wa kutosha, halafu wewe unamwongezea wa matusi. Siku akichoka kuitwa mwoga, akaamua kukuonyesha ubabe, mtakaoonyeshwa ni nyote mlio ndani.

Ndiyo maana mimi nina kipimo changu. Rubani anayelitania shirika lake simwogopi. Mtu anayecheka kasoro za nyumbani kwake ni mtu anayeziona. Ninayemwogopa ni yule anayesema kila kitu ni safi, hakuna shida, twende tu. Kwenye basi tumemwona wa aina hiyo mara nyingi, na misalaba yake iko kandokando ya barabara kuu.

Kwa hiyo msomaji wangu, ukipata nauli ya kupanda mwewe, shika haya machache. Miezi ya baridi usipange usaili wa kazi au harusi ya dada asubuhi ileile unayosafiri, nenda siku moja kabla. Kisongo beba begi laini, na kilo zako zitaje zote, hata zile za Krismasi. Ukiambiwa zima simu, zima, huyo mpenzi atasubiri. Mkanda ufunge hata kama jirani yako hajafunga, na yeye mwambie afunge, maana ndege ikirushwa na upepo pale karibu na mlima, kichwa chake kitakuja kwako. Na rubani akitoka akasema leo haturuki, muulize kwa adabu, "Kapteni, tatizo ni nini?" Atakueleza, wengi wao hupenda kueleza. Kisha agiza chai, kaa, tunga herufi.

Wazee wa pwani wakianza safari na dalili ikawa mbaya walikuwa wakisema hii ndege mbaya, wanarudi nyumbani wanangoja kesho. Hawakuwa waoga wale, walikuwa wanataka kufika.

Haya, ndiyo tunatua. Usisimame kabla hatujasimama, na begi la jirani usilibebe. Mwenye la kusema aseme, mwenye kununa anune, sisi tukutane hapahapa wiki ijayo panapo majaliwa. Alamsiki!